Mtu Mzima Haulizwi

Msambweni
20 Oktoba 2024

Twahir, mtoto wa ndugu yangu,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku ni wazima, ukiondoa mafua ya Waridi, ambayo yeye na watoto wake wanapokezana mpaka hatujui tena nani aliyaleta nyumbani. Mwanangu Amin anakusalimu. Binamu yako wa Waa amejaliwa mtoto wa kike, na yule wa Matuga bado anangoja kuthibitishwa kazini. Kila tukimuuliza, jibu ni mwezi ujao. Mvua za vuli zimekuja mkono mtupu na muhogo wangu unatia huruma.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu zipo. Baba, ukipiga simu nyumba hii, Amin huiweka sauti ya juu na wote huja kuizunguka kama sinia la biriani. Nami sikio langu la kushoto hunilazimisha kupiga kelele, na jambo langu si la kupigiwa kelele. Suleiman, jirani yetu anayekuja huko Maskati kununua vipuri vya magari, amekubali kuwa tarishi. Nimemwambia hizi ni salamu za ukoo.

Jambo lenyewe ni hili. Jina langu limo katika kundi la kwenda Makka mwakani, inshallah. Nimelingoja tangu nikiwa bado nashika chaki, na wewe wajua. Lakini Bi Mwanasiti aliyerudi mwaka huu alisukumwa kwenye kigari siku zote. Nilipokwenda kumpa mkono akaniambia, "Bi Muhsina, mimi Al-Kaaba sikuiona vizuri, niliona viuno vya watu." Alicheka, nami nikacheka, kisha nilipofika nyumbani nikalia. Twahir, mimi nataka kutufu, kuizunguka Al-Kaaba kwa miguu yangu. Nataka kutembea Safa na Marwa kama mtu anayetembea, nisiwe mzigo wa kusukumwa na vijana wa watu.

Ulipoanza kazi ile ya hotelini Diani nilikucheka sana. Nilisema ni kazi gani hiyo, mtu kulipwa ili amchoshe mwenzake. Sasa nimekuja mlangoni kwako mimi mwenyewe. Nifundishe. Magoti yangu yanalia nikiinuka kwenye sijida, na mpaka sokoni hupumzika njiani nikijifanya natazama vitambaa. Nyumbani hapa usimwambie mtu.

Wasalaam. Ni mimi shangazi yako,
Muhsina

*

Maskati
17 Novemba 2024

Kwa shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na waalaikum salaam warahmatullah. Nabusu mkono wako nikiwa mbali. Suleiman alinipa barua kazini, mbele ya mzee mmoja niliyekuwa nikimsimamia kwenye mashine, na mzee akaniuliza kama nimepata msiba, maana nilisimama nikasahau kumhesabia. Nikamwambia sivyo, nimepata mwanafunzi.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Joto limepungua kidogo, kazi ipo. Nakosa mbaazi na mahamri, na nakosa kuongea na mtu anayejua baba yangu alikuwa nani.

Shangazi, sikujua unapumzika njiani. Nimelala na jambo hilo. Miaka yote nikija kwako nakukuta umekaa na nakuacha umekaa, nami naona ni haki yako, mtu mzima amestarehe. Macho yangu ya kazi nilikuwa nikiyaacha Diani.

Tuanze polepole. Keti kwenye kiti kigumu cha chumbani, si lile kochi la Amin. Inuka bila kushika kitu, keti tena bila kujitupa. Ukichoka, acha. Kisha shika fremu ya mlango, simama kwa vidole vya miguu, shuka taratibu. Jioni, jua likishapoa, tembea mpaka barabarani na urudi. Usishindane na mtu. Kesho yake fanya vile vile, na keshokutwa pumzika.

Aliyenifundisha kazi hii, Mathew, mtu wa bara tuliyekuwa naye hotelini, alikuwa na neno lake. Alisema mwalimu mzuri wa mazoezi hajulikani kwa misuli yake, anajulikana kwa maswali yake. Mgeni akija, hata awe amevaa viatu vya kukimbilia vya bei gani, Mathew huvuta kiti na kumkalisha kwanza. Unaumwa nini, unameza dawa gani, umekula nini leo, ulianguka lini mara ya mwisho. Wazungu walikuwa wakimjibu mpaka mambo ya choo. Nami nilijifunza kuuliza hivyo hivyo, na hapa nauliza kila siku.

Wewe sitakuuliza. Wewe ndiye uliyeniogesha nikiwa mdogo. Mdomo wangu hauwezi kukuhoji mambo ya mwili wako. Kama lipo la kuniambia utaniambia mwenyewe. Nami najua una afya yako, mashallah.

Nakuombea kila la heri. Mwanao,
Twahir

*

Msambweni
5 Januari 2025

Twahir baba,

Salamu nyingi na dua. Huku nyumbani wazima. Amin amepaka nyumba rangi ambayo dukani ilikuwa ya maziwa na ukutani imekuwa ya manjano, na haruhusu mtu kuitaja. Waridi mafua yamemwacha. Wageni wa Krismasi walijaa Diani, kwa hiyo samaki huku walipanda bei wakaadimika, tukala dagaa kwa adabu.

Sasa nikupe habari za shule yako. Siku ya kwanza niliinuka kitini na nikashika kitanda. Nakuambia kweli kwa kuwa hukuniona. Siku zilizofuata nilishika kidogo, na sasa sishiki. Fremu ya mlango nimeizoea. Tatizo ni kuwa Waridi alifungua mlango bila hodi akanikuta juu ya vidole, mikono juu. Akasema, "Mama, kwani unataka nini huko juu, nikuteremshie?" Nikamwambia natafuta buibui. Aliangalia ukuta, aliniangalia mimi, akafunga mlango. Jioni ile nilisikia wakicheka na Amin mumewe jikoni. Potelea mbali. Juzi ameanza kuniachia chumba saa ile ile bila kusema kitu, na watoto huwafukuza wasinigongee. Yule msichana ana moyo mzuri kuliko ulimi wake.

Natembea mpaka barabarani na kurudi. Sijifanyi tena natazama vitambaa. Miguu hufa ganzi kidogo usiku, lakini hayo ni ya umri. Hospitali nilikwenda kwa mambo yangu na nikarudi salama.

Kumbe kazi yako ni ualimu, Twahir. Nilidhani ni kupiga kelele. Nimefundisha darasa la pili miaka mingi, na najua ilivyo kumpa mtoto hesabu ndogo anayoiweza ili kesho aitake kubwa. Wewe umenipa ndogo. Nataka kubwa.

Wasalaam,
Shangazi

*

Maskati
9 Februari 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na pale pa buibui nimecheka mpaka mwenzangu wa chumba akataka kutafsiriwa. Nilimtafsiria, hakucheka sana. Inamtaka mtu amjue Waridi.

Huku mambo si mabaya. Yule mzee niliyekuambia, wa siku ya barua, ameacha kuja. Nilimuuliza siku moja kama anasikia kizunguzungu, akaniambia mara moja kuwa ndiyo, na kwamba hajala tangu jana kwa sababu amegombana na mkewe. Nikamrudisha nyumbani. Kwa hilo alikasirika, nami nimefurahi kuwa alikasirika akiwa amesimama.

Nilitaka kukuuliza jambo kuhusu ile ganzi ya miguu. Nimeliandika, nikaona haya, nikachukua karatasi nyingine. Tuyaache. Umesema ni umri, na wewe ndiye mwenye miguu.

Sasa mwezi mtukufu unaingia. Hapo sina haja ya kuuliza, najua utakuwa umefunga. Kwa hiyo mchana hakuna zoezi, hata moja. Baada ya tarawehe, ukiwa umekunywa maji na futari imeshuka, tembea uani kidogo. Kuinuka kitini ni mara chache tu. Mwezi huu ni wa kulinda ulichokipata. Baada ya sikukuu, ukishakuwa unakula kama kawaida, ndipo nitakupa hesabu kubwa uliyoidai.

Nisamehe kwa yote, na mwezi uwe wa kheri kwetu sote.

Mwanao,
Twahir

*

Msambweni
2 Aprili 2025

Twahir,

Idd mubarak. Barua hii ni fupi maana Suleiman ameshafunga mkoba. Tumekula, tumeshiba, watoto wamechafua nguo mpya kabla ya adhuhuri. Bi Mwanasiti alikuja kula nasi na kunitazama nikiinuka. Aliona.

Nimekwenda mpaka Mkunguni kwa miguu na nimerudi bila kukaa. Mpaka pwani, Twahir! Watu wa samaki walinisalimia wakidhani nimekuja kununua. Nimenunua viatu vya safari, vyepesi, vina kamba. Waridi amenifundisha kuzifunga zisifunguke, kwa kuwa sasa siri imeshakufa na kila mtu nyumbani ni mwalimu.

Safari ni mwezi ujao. Nipe hesabu kubwa.

Shangazi

*

Maskati
7 Aprili 2025

Shangazi yangu, simba wangu,

Shikamoo, na Idd mubarak! Nimeringa kazini leo. Nimemwambia kila mtu shangazi yangu ametembea mpaka pwani na kurudi, na mmoja akaniuliza ni mbali kiasi gani, nikamwambia wewe huwezi.

Hesabu kubwa ni hii. Sasa mwezi umekwisha na unakula, toka asubuhi mapema, kabla ya jua kuchoma. Nenda Mkunguni kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Ukirudi, pale kwenye ngazi za nyumba, panda na ushuke, panda na ushuke, mpaka pumzi ikwambie basi. Safa na Marwa ina miinuko, na miguu iijue kabla ya kufika. Fanya hivi kila siku isipokuwa Ijumaa. Unaweza. Nimewaona watu wengi, na mtu aliyeanza kwa kushika kitanda akafika pwani, huyo anaweza.

Nakupenda sana, Shangazi. Uniombee huko ukifika.

Mwanao,
Twahir

*

Maskati
25 Mei 2025

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma hii. Nimepiga simu mpaka Amin amechoka kunijibu. Kila mara ananiambia umelala, au unaswali, au hutaki. Namuelewa. Sauti ya simu nyumba ile siku hizi ni ndogo. Hakuna aliyekuja kuizunguka.

Amin aliniambia umeanguka kwenye ngazi. Asubuhi, umetoka pwani, unapanda na kushuka. Aliniambia nyonga imevunjika na umewekwa chuma. Halafu akasema, "Si unajua tena, sukari yake ilishuka, na alikuwa amefunga Sita." Alisema kama mtu anayenikumbusha. Mimi sikujua. Nilimwambia ndiyo, najua, kwa sababu niliona aibu kuwa mwalimu wako na sijui.

Una sukari, Shangazi. Ile ganzi ilikuwa sukari. Mtu yeyote aliyeshika kazi hii wiki moja angeijua. Angekuwa mgeni wa hoteli ningemkalisha chini siku ile ile na kumuuliza, na asingekanyaga ngazi bila kipande cha mkate tumboni. Na Sita! Nimezaliwa pwani, nimelelewa na wewe, najua kuwa baada ya Idd watu wazima huzifunga siku zile sita za Shawwal kimya kimya. Nilikuandikia "sasa unakula" bila kuuliza, kwa sababu kumuuliza mtu mzima kama amefunga ni kumvunjia heshima. Wageni niliwauliza wote. Wewe peke yako nilikupa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokutoa nyumbani na njaa.

Leo ndugu zako wa kundi wako Makka. Nimekaa naangalia picha za watu wakitufu na siwezi kuzima wala kuendelea kuangalia. Najuta, Shangazi. Sina neno jingine na hili halitoshi.

Usijibu kama hutaki. Nitaandika tena.

Twahir

*

Msambweni
22 Juni 2025

Twahir, mwanangu,

Marahaba. Salamu za watu wa hapa utazipata mwishoni, leo nianze na jambo lenyewe.

Sikuja kwenye simu kwa sababu nilikuwa na hasira. Mwanzoni nilidhani ni hasira juu yako. Nililala pale hospitali nikitazama dari na kusema, mtoto huyu ameniua na ngazi zake. Niliisema moyoni kwa siku nyingi na ilinifariji. Kisha ikaacha kunifariji.

Sukari ninayo tangu kabla hujaondoka Diani. Sikumwambia mtu ila Waridi, na yeye nilimlisha kiapo. Niliogopa kuwa Amin akijua atanikataza safari, na wasafirishaji wakijua wataniweka kando mpaka mwaka mwingine, na mwaka mwingine nani ananidhaminia kuwa hai. Wewe nawe nilikuogopa. Nilijua ukijua utanipunguzia. Kwa hiyo nilipoiandika ile ganzi niliifunika kwa umri, na uliposema huoni vyema kuniuliza nilishukuru. Sikia vizuri: nilishukuru. Nilijificha nyuma ya adabu yako.

Na Sita nilizifunga kwa siri kwa kuwa funga ya sunna haitangazwi. Ukiitangaza unataka watu wakusifu, na thawabu inabaki midomoni mwao. Ndivyo tulivyolelewa. Nilikula daku tende mbili na chai, nikameza kidonge cha sukari kama kawaida, nikaenda pwani kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kama ulivyoniandikia. Pwani nilianza kutokwa jasho la baridi. Nilifika nyumbani. Ningeweza kukaa. Nikasema Twahir amesema ngazi, na Mwenyezi Mungu anaona. Nilipanda mara chache. Kisha nikaona ukuta wa manjano wa Amin unanijia.

Hospitali wamenipa msichana wa bara wa kunifundisha kutembea, Gillian. Siku ya kwanza aliingia, hata salamu hazijakwisha, akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, "Shosho, leo umekula nini? Na dawa umemeza saa ngapi? Choo unapata? Unafunga hii wiki?" Waridi alishika mdomo. Mimi nilimwambia, "Mwanangu, kwenu mtu mzima anaulizwa hivyo?" Akasema, "Kwetu pia ni aibu, Shosho. Lakini nisipokuuliza sikusimamishi." Akavuta kiti akakaa, akangoja. Twahir, alingoja! Nilikaa kimya kama mtoto aliyevunja kikombe, na yeye alikaa tu, na mwisho nikamwambia yote. Nikamwambia hata mambo ambayo marehemu mume wangu hakuyajua. Kisha ndipo akanipa mkono, nikasimama.

Nilirudi kitandani nikalia, si kwa maumivu. Nilijiuliza ni kwa nini mtoto wa watu ameweza kunikalisha na mtoto wangu hakuweza. Nikajijibu: kwa sababu mimi ndiye niliyemlea mtoto wangu asiulize.

Basi usijibebeshe mzigo wote, nusu ni wangu. Nusu yako sikuondolei, hata nikitaka. Ulikuwa na kazi na uliijua, ukaiweka chini kwa sababu yangu.

Kundi wamerudi. Wamenipitia na maji ya zamzam na tende, wananiita Hajjat kwa utani na upendo. Nilinywa, nikawashukuru, nikamwomba Waridi awape chai, nikageukia ukutani.

Sasa niulize. Mimi shangazi yako nimekupa ruhusa, niulize kila ulichotakiwa kuniuliza. Amin na watoto wanakusalimu.

Muhsina

*

Maskati
13 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nimemkumbuka Mathew anavyovuta kiti.

Unameza dawa gani, na kwa saa gani? Unakula nini asubuhi? Miguu ina kidonda chochote, hata kidogo, ulichomficha Gillian? Unaona vizuri? Unalala? Unaamka mara ngapi kwenda haja? Ukisimama dunia inazunguka? Umeanguka mara nyingine ambazo hatuzijui? Umefunga leo?

Daktari anasemaje kuhusu kesho, si kuhusu nyonga peke yake? Mwambie Waridi akuandikie kama mkono umechoka, lakini maneno yawe yako.

Unaogopa nini?

Na bado unataka kwenda?

Nisamehe kwa kuuliza. Hapana, nimelifuta hilo. Nisamehe kwa kutouliza.

Twahir

*

Msambweni
10 Agosti 2025

Twahir, mwanangu,

Assalaam alaikum. Sote wazima kwa kiasi chetu. Waridi ni mjamzito, na kichefuchefu chake anakisingizia chakula changu cha mgonjwa. Mvua zilitosha mwaka huu, muhogo umekubali.

Nimesoma maswali yako mbele ya Gillian, ambaye sasa hunifuata nyumbani, akacheka, akasema, "Huyu ni mwenzetu." Ninakujibu.

Vidonge nakunywa asubuhi na jioni, baada ya kula, na Waridi husimama mlangoni mpaka nimeze. Asubuhi ni uji na yai. Kidonda kilikuwepo kwenye kidole cha mwisho cha mguu wa kulia. Nilimficha Gillian kwa siku tatu, na barua yako ilipokuja nikamwonyesha. Alinigombeza sana. Kimefungwa na kinapona. Macho yamefifia pembeni. Silali vizuri. Haja naamka kila mara. Dunia huzunguka nikiinuka haraka, kwa hiyo siinuki haraka. Niliwahi kuanguka mara mbili kabla ya ile, jikoni, nikasema nimeteleza. Leo sikufunga. Sitafunga tena, nimeambiwa nilishe maskini badala yake, na hilo lilinichoma kuliko nyonga.

Kuhusu kesho. Natembea kwa mkongojo wa miguu minne kutoka kitandani mpaka barazani, na naambiwa nitafika getini. Lakini kumbe sukari imekula na figo pia, muda wote nilipokuwa nikiifunika. Daktari alikaa nami, naye pia alivuta kiti, siku hizi wote wanavuta viti. Akasema safari ile, joto lile, watu wale, haipo tena kwangu. Si mwakani wala mwaka mwingine, hata kwa kusukumwa. Nilimuuliza mara ya pili akanijibu vile vile.

Unaniuliza naogopa nini. Naogopa kufa nikiwa nimekaribia hivyo. Ningekuwa sikujaribu kabisa nisingejua kuwa miguu yangu ilikuwa inaweza. Ilikuwa inaweza, Twahir. Ile siku ya Mkunguni nilikuwa msichana. Hilo umenipa wewe na sitakunyang'anya, lakini ndilo linaloniamsha usiku.

Na ndiyo, bado nataka kwenda.

Nimemwita sheikh hapa barazani nikamuuliza. Amesema mtu asiyeweza tena, na hatarajiwi kuweza, anaruhusiwa kuhijiwa na mwingine. Lakini huyo mwingine lazima awe ameshahiji ya kwake kwanza. Nimefikiri ni nani. Amin ana moyo lakini hana subira. Nimekufikiria wewe.

Kwa hiyo nenda yako kwanza, usiifanye haraka kwa ajili yangu, uihiji kwa haki. Uko karibu kuliko sisi. Kisha urudi mara nyingine, unuie kwa jina langu, Muhsina binti Twahir, na jina hilo la Twahir ulipewa wewe kwa ajili ya baba yangu, kwa hiyo hutalisahau. Kama nitakuwa hai utanisimulia. Kama sitakuwa hai, nenda vile vile.

Wewe una miguu mirefu na umezoea kuwaacha watu nyuma. Siku ya kwangu usikimbie. Tembea mwendo wangu.

Shangazi yako,
Muhsina